Namna wanganga walijifunza kuona sukari ndani ya jicho

Ku ukurasa huu tumezoea kusoma historia ya wafalme, ya migodi, ya reli na ya vita. Leo naleta historia ya kitu kidogo sana: ngozi nyembamba yenye iko nyuma ya jicho, yenye wanganga wanaita retina, na namna watu walitafuta miaka zaidi ya 170 njia ya kuiangalia bila kupasua jicho. Miye si munganga. Nilisoma historia, na wengi wenu munanijua juu ya kazi ile ya kufundisha. Lakini niko na ugonjwa wa sukari tangu miaka 9, na mutu mwenye iko na sukari anaishia kusoma mambo ya sukari, apende asipende.

Tuanze na swali lenye watu wananiuliza kila mara: sukari na jicho zinakutana wapi? Sukari iko mu damu, na damu inapita pahali pote. Ikikaa juu kwa miaka mingi inaharibu ukuta wa mishipa midogo, ile midogo kupita unywele. Mishipa ya namna hiyo iko mu figo, iko mu neva za miguu, iko mu jicho. Lakini figo huwezi kuiangalia bila kisu ao sindano. Jicho njo pahali pamoja tu mu mwili mahali munganga anaweza kuona mishipa ya damu uso kwa uso, ikiwa hai, damu ikitembea ndani, bila kukata kitu.

Na yenye inafanyika kule nyuma inaenda pole pole. Kwanza ukuta wa mishipa unalegea na kuvimba sawa vibofu vidogo. Kisha unavuja: maji, mafuta, damu kidogo. Mishipa mingine inazibika kabisa, na sehemu ya retina inakosa hewa. Retina yenye kukosa hewa inaita mishipa mipya, lakini ile mipya inakomaa vibaya, inapasuka, inamwaga damu ndani ya jicho, na inavuta retina mupaka kuibandua. Njo pale mutu anapofuka. Tabu kubwa ni hii: wakati huu wote, miaka na miaka, mugonjwa hasikii kitu. Hakuna maumivu. Anasoma gazeti, anaendesha motokari, anahesabu feza yake vizuri. Siku anasema "naona kivuli", ugonjwa umekwisha kufanya njia ndefu.

Kwa hiyo kuwahi njo kazi yote ya historia hii. Zamani walijua kisha mutu kupofuka, na hata pale hawakuwa wanakubaliana sababu.

Mbele ya mwaka 1850, mboni ya jicho ilikuwa tu shimo nyeusi. Hakuna aliyeelewa vizuri juu ya nini. Mwanga unaingia, inapashwa urudi, sasa juu ya nini tusione ndani? Jibu ni rahisi kisha kulisikia: mwanga wenye kuingia mu jicho unarudi kwa njia ileile ulipitia. Ili uuone, inapashwa kichwa chako kikae pahali taa iko, na ukikiweka pale, kichwa kinazuia taa. Mujerumani Hermann von Helmholtz, profesa ku muji wa Königsberg (leo ni Kaliningrad, ku Warusi), alikuwa anatafuta namna ya kuonyesha wanafunzi wake jambo hili. Alichukua vipande vya kioo safi, akaviweka upande, taa ikae pembeni. Mwanga ulipiga kioo, ukaingia mu jicho la mutu, na ulipokuwa unarudi, sehemu yake ilipita katikati ya kioo mupaka ku jicho lake yeye. Mu mwaka 1851 alichapisha kitabu kidogo juu ya chombo hicho. Kioo na taa, basi. Kwa mara ya kwanza mutu aliona wazi retina ya mutu mwenye kuishi.

Sasa, muone namna historia inachezea watu. Miaka ine hivi mbele yake, mu 1847, Mwingereza Charles Babbage, yule mwenye alifikiria mashini ya kuhesabu mbele ya ordinateri kuzaliwa, alikuwa ametengeneza chombo cha namna hiyo. Akakionyesha munganga mumoja wa macho wa London. Munganga akaangalia, hakuona faida yake, na chombo kikabaki mu sanduku. Kila mara nikifundisha juu ya nani "alivumbua" kitu fulani, nawaeleza wanafunzi kisa hiki. Babbage alikuwa na chombo, lakini mbele yake hakukaa mutu mwenye alikuwa na swali.

Ku Vienna, mutu mwenye alikuwa na swali aliitwa Eduard von Jaeger. Kama umekwisha kwenda kununua miwani na wakakupatia karte yenye maandishi makubwa, kisha madogo, kisha madogo zaidi ili usome karibu, Jaeger ni mumoja wa wale walitengeneza karte za namna ile. Alikuwa pia mutu wa kuchora. Foto haikuwa bado inaweza kuingia mu jicho, basi Jaeger alikaa na mugonjwa saa nyingi, siku nyingi, akiangalia kwa chombo cha Helmholtz na kuchora kwa mukono rangi za retina, mushipa kwa mushipa. Nimeona michoro yake mu vitabu, na hata leo, wakati kuko mashini za kila namna, bado inashangaza.

Mu miaka ya 1855 na 1856 Jaeger alieleza mugonjwa wa sukari mwenye nyuma ya jicho lake kulikuwa madoa ya manjano na damu kidogo. Akasema kama ilikuwa sukari. Na pale vita ya maneno ikaanza. Mukubwa wa wanganga wa macho wa Berlin, Albrecht von Graefe, mutu mwenye jina kubwa Ulaya yote, alikataa: hakuna ushuhuda kama sukari njo ililetea jicho madoa yale. Na kusema kweli, miye namuheshimu juu ya kukataa kule. Mutu anaweza kuwa na sukari na pia damu yenye kupanda, ao kuzeeka tu. Madoa na sukari kukaa mu mutu mumoja haitoshi kusema kama kimoja kilizaa kingine. Nyinyi wote mulisoma metode mu mwaka wa kwanza, munaelewa.

Graefe alikufa mu 1870 na kifua kikuu, akiwa na miaka 42 tu. Miaka 2 kisha kifo chake, mu 1872, Edward Nettleship wa London alileta ushuhuda wenye ulikosekana: chini ya mikroskopi alionyesha namna retina ya mutu wa sukari inajaa matundu ya maji. Mu 1876 Wilhelm Manz akaeleza ile mishipa mipya na kamba zenye kuvuta retina. Lakini hata pale watu waliendelea kubisha kwa miaka mingi, wengine wakiseme ni damu kupanda, si sukari. Inapashwa kufika 1943, katikati ya vita ya pili ya dunia, ili Arthur Ballantyne na mwenzake ku muji wa Glasgow waonyeshe wazi kama ni ugonjwa wa mishipa wenye kusimama peke yake.

Hapa kuko jambo lenye liliniuma kusoma. Juu ya nini swali hili lilikawia vile, na kisha likawa la haraka mara moja? Juu ya insulini. Mbele ya 1921 mutoto mwenye kupata sukari alikufa kisha miezi ao mwaka mumoja ao miwili. Hakuishi miaka ya kutosha ili jicho liharibike. Mu 1921 Frederick Banting na Charles Best walipata insulini ku Toronto, mu Kanada, na mu kwezi ya kwanza ya 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alikuwa mutu wa kwanza kupigwa sindano yake. Watoto walioshinda kifo walikomaa, walioa, walizaa. Kisha miaka 15, 20, wakaanza kupofuka. Kwa hiyo ugonjwa huu wa retina, mu wingi wake wa leo, ulikuja nyuma ya dawa, sababu dawa iliwapatia watu wakati. Miye mwenyewe naishi mu wakati ule insulini ilinunua. Kila kitu nitasema sasa kinaenda pamoja na deni hilo.

Turudi ku foto. Mu 1886, ku Bristol, Jackman na Webster walifaulu kupiga foto ya nyuma ya jicho la mutu mwenye kuishi. Mutu yule alikaa kimya dakika mbili na nusu mbele ya taa kali. Jaribu kuangalia taa dakika moja bila kutikisika, utaelewa. Foto ilikuwa na ukungu, uliona paka pahali mushipa mukubwa unaingilia. Ilikuwa lazima kungoja mupaka 1926 ili kampuni ya Zeiss, kwa mipango ya Musweden Nordenson, iuze kamera yenye iliweza kupiga retina kwa nusu sekonde hivi. Toka pale kazi ya Jaeger ya siku nyingi ikawa ya kufumba na kufumbua.

Munaweza kusema, basi, foto inaleta nini zaidi kuliko jicho la munganga? Miye kama mutu wa historia najibu: inaleta arshive. Munganga anaangalia, anaandika "madoa kidogo", kisha mwaka mumoja munganga mwingine anaandika "madoa kidogo". Ni yaleyale ao yameongezeka? Hakuna anayejua. Foto mbili za jicho moja, moja ya mwaka jana na moja ya leo, zinasimama pembeni, na unahesabu.

Umuhimu wa hiyo ulionekana mu miaka ya 1950 na 1960, na ni sehemu yenye watu wengi hawaijue. Mu 1953 munganga mumoja wa Denmark, Poulsen, alieleza mwanamuke wa sukari mwenye tezi ndogo ya chini ya ubongo ilikufa kisha kuzaa, na macho yake yakaanza kupona. Kutoka pale wanganga wa Ulaya na Marekani walianza kuondoa tezi ile kwa kisu ku wagonjwa wa sukari ili kuokoa macho. Kufungua kichwa juu ya jicho! Na wakati uleule, Mujerumani Gerd Meyer-Schwickerath alikuwa anajaribu njia ingine. Aliona namna jua, wakati lilipofunikwa na mwezi mu 1945, lilikuwa limechoma retina ya mwanafunzi mwenye aliliangalia bila kujikinga. Akafikiri: kama jua linaweza kuchoma, linaweza pia kuziba. Ku Hamburg, mu 1949, akakamata mwanga wa jua kwa vioo na kuuingiza mu macho ya wagonjwa wake. Siku ya mawingu, hakuna kazi. Kisha ikakuja taa kali, kisha kisha leza.

Sasa watu walikuwa na dawa mbili: kisu ku ubongo na mwanga ku retina. Ni gani inaponya? Kila munganga alikuwa na wagonjwa wake na hadithi zake. Mu 1968 walikutana ku nyumba yenye kuitwa Airlie House, mu jimbo la Virginia, na jambo kubwa lilitokea pale halikuwa dawa: walipatana namna ya kusoma foto. Wakachagua foto za mufano, wakasema, ikifanana na hii ni daraja hii, ikipita hii ni daraja ingine. Lugha moja. Kutoka pale serikali ya Marekani iligaramia utafiti mukubwa wa leza, na namna waliufanya inanifurahisha: kwa kila mugonjwa jicho moja lilitibiwa, jicho lingine liliachwa, foto zikapigwa kwa yote mawili. Mutu alikuwa ushuhuda wake mwenyewe. Mu 1976 matokeo yalitoka mbele ya wakati: leza ilipunguza upofu mukali kwa nusu na zaidi. Wakabadilisha mpango ili yale macho mengine pia yapate kutibiwa. Kisu ku tezi kikaachwa. Graefe alikuwa anadai ushuhuda wa namna ile.

Lakini foto ya kawaida inaona juu juu tu. Haionyeshe vizuri mushipa gani inavuja, gani imezibika. Wanafunzi wawili wa kinganga ku Indiana, Harold Novotny na David Alvis, walikuwa na wazo la kupiga sindano ya rangi mu mukono na kupiga foto haraka haraka rangi inapopita mu retina. Walijaribu kwanza ku wenyewe. Jicho la kwanza lilikuwa la Alvis. Walichapisha mu 1961, mu gazeti la wanganga wa moyo, kisha gazeti la macho kuwakatalia. Njia yao ilitawala miaka 50, na bado inatumika. Iko nzuri, lakini ni sindano. Ngozi inageuka manjano, mukojo unageuka rangi, wengi wanasikia kichefuchefu, na mara chache sana mwili unakataa rangi kwa nguvu na mutu anaweza kufa. Munganga hawezi kumufanyia mutu hivyo kila miezi mitatu ili tu kufuata.

Njo pale inakuja sehemu ya mwisho ya safari, ile ya kuona ndani bila kugusa na bila sindano. Mu 1991 kundi la Boston, ndani yake James Fujimoto, Eric Swanson na David Huang mwenye alikuwa bado mwanafunzi, lilitoa mashini yenye kufanya na mwanga yale ekografi inafanya na sauti ku tumbo la mama mwenye mimba. Sauti inarudi polepole, unaweza kupima wakati wake. Mwanga unakimbia sana, hakuna saa yenye kuweza kuukamata. Basi wanagawanya mwanga mara mbili, sehemu moja inaenda mu jicho, ingine ku kioo, kisha wanazikutanisha na kusoma namna zinapatana. Matokeo yake ni picha ya retina iliyokatwa sawa keki, tabaka kwa tabaka, na retina yote haipite hata nusu milimita. Maji yakiingia katikati ya tabaka, unayaona, na unaweza kupima kama yamepungua ao yameongezeka. Kile Nettleship alikitafuta chini ya mikroskopi mu 1872, leo mutu anakionyeshwa akiwa amekaa ku kiti na kidevu ku plastiki.

Mu miaka ya 2010 wakapiga hatua ingine. Mashini ileile inapiga pahali pamoja mara nyingi, moja nyuma ya ingine. Nyama ya retina haitembei. Kitu chenye kutembea ni chembe za damu. Basi wakitafuta tofauti kati ya picha ya kwanza na ya pili, zinabaki njia za damu peke yake: karte ya mishipa midogo kabisa, bila tone moja la rangi. Pahali mushipa umekufa kunabaki shimo nyeusi. Mashini hii haionyeshe kuvuja, pale sindano bado inashinda. Lakini kwa kufuata mutu mwaka kwa mwaka, hakuna kitu kilikuwa bora vile mbele.

Miye nilipigwa foto, ile ya kawaida, mwaka uliopita. Walinitia dawa mu macho, mboni zikafunguka, mwanga wa inje ukanichoma. Nikaweka kidevu, nikaangalia nukta ya kijani, tak, basi. Hawakunigusa. Kisha dokta, binti wa miaka hata 35 hafike, akageuza ekra na kuniambia: "Papa, angalia mwenyewe." Rangi ya chungwa, na mishipa ilitawanyika sawa mito ya Katanga ku karte. Akasongeza, akanionyesha ku jicho la kushoto nukta tatu nyekundu, ndogo sawa ncha ya bike. Vibofu. "Papa hauoni kitu, eh?" Nikasema siyaoni kitu, nasoma bila tabu. Akajibu, "Njo vizuri. Inapashwa tuzione siye mbele ya weye." Kisha mwaka, foto ingine, jicho lilelile, pahali palepale. Nilitoka na miguu mizito, sikatae. Lakini pia nilitoka najua hesabu: tatu.

Sasa tuseme ukweli juu ya feza na njia. Mashini za tabaka ni za bei, na si kila muji wetu unazo. Lakini angalieni Uingereza. Mu 2003 walianza kuita kila mutu wa sukari wa miaka 12 na zaidi kupigwa foto ya kawaida kila mwaka: barua, siku, foto, mutu wa kuisoma, mutu wa kumwita tena. Mu 2014 wanganga wao walitangaza kama kwa mara ya kwanza tangu karibu miaka 50 sukari haikuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wenye umri wa kufanya kazi, mu England na Wales. Insulini ilikuwako tangu zamani, leza pia. Walichoongeza ni utaratibu wa kuita watu.

Na kwetu huku? Vuka Kasumbalesa. Mu miji 5 ya Copperbelt, Zambia, wagonjwa 1,574 wa sukari walipigwa foto, na foto zao 4,504 zikatumika kupima programu ya ordinateri yenye ilikuwa imefundishwa na foto za watu wa Singapore. Matokeo yalitoka mu 2019: ku wale waliohitaji kupelekwa kwa munganga, programu iliwakamata 92 hivi kwa mia. Watu walikuwa na woga kama ordinateri yenye kufundishwa na macho ya Asia haitaona vizuri macho yetu. Iliona. Ku Thailand, programu ya namna hiyo iliona vizuri mu maabara, lakini ilipoingia mu vituo vya afya ilikataa moja juu ya tano ya foto, sababu chumba kilikuwa na mwanga mwingi, na intaneti ilitembea polepole. Hapo tunajitambua, si kweli?

Kuko utafiti mumoja zaidi, wa Rwanda, wa 2022. Tuweke siasa pembeni kidogo, macho ni macho. Walichukua watu 275 wenye kupigwa foto. Nusu waliambiwa palepale jibu la programu. Nusu ingine walingoja siku chache mupaka mutu asome foto. Wale walioambiwa palepale, zaidi kidogo ya nusu walienda kwa munganga wa macho. Wale waliongoja, 40 hivi kwa mia. Foto ileile, ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni saa ngapi mutu anasikia habari, akiwa bado amekaa ku kiti ao akiwa amerudi ku shamba yake. Na hata ku kundi lile zuri, karibu nusu hawakwenda. Usafiri, feza, woga, watoto wa kupeleka ku masomo.

Basi miye, mutu wa arshive, swali langu ni dogo na la kukera kidogo. Mashini zinakuja, nyingine zimekwisha kuwa mu miji yetu. Foto zinaenda wapi kisha kupigwa? Siku nilipigwa yangu niliuliza kama wataitunza. Walinijibu kwa heshima kama ordinateri inajaa na wanafuta za zamani. Wakanipatia yangu ku kle USB. Nimeiweka mu bahasha moja na diploma na karatasi za kiwanja, na mu kwezi ya sita nitaibeba mufukoni, dokta aiweke pembeni ya ile mupya, tuhesabu pamoja. Wale wa promosio yangu wenye wako na sukari, na najua hatuko wachache, ombeni yenu pia mbele ya kutoka mu chumba. Na nyinyi wenye munaongoza polikliniki, disiki moja ya kuweka foto za mwaka muzima inakaa mu mukono.